Barza ilipojaa

Mwaka jana, nikiwa katika mwaka wa mwisho wa lisansi, nilipoteza saa kumi na dakika hamsini za sauti ya mama mmoja mzee na dada yake, wasemaji wa Kisanga. Hakuna mwizi aliyeingia, wala kadi haikuungua. Nilizifuta mwenyewe mchana kweupe, baada ya kompyuta kuniuliza kama nina hakika nami nikajibu ndiyo. Profesa anayesimamia memwari yangu hakunigombeza. Alisema tu: «Andika namna ilivyotokea, wale wanaokuja nyuma yako wasome.» Ndiyo hii ninaandika.

Lazima nianze na mashine, maana bila hiyo kosa langu litaonekana kama uzembe wa kawaida tu. Uzembe ulikuwepo, lakini ulikuwa na sarufi yake.

Katika chumba cha mwisho cha korido yetu kuna kompyuta mbili za zamani zinazotunza rekodi za idara. Zinaendeshwa na Plan 9, mfumo uliotengenezwa katika maabara za Bell Labs kule Murray Hill, New Jersey, na ukapewa jina kutokana na filamu moja ya zamani ambayo watu huicheka kwa ubovu wake. Wageni wakiingia huuliza kwa nini hatutumii kitu ambacho kila mtu anakijua. Profesa ana majibu mawili. La kwanza ni la kiisimu. Mwezi wa Septemba 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, inasemekana kwenye karatasi ya mezani ya mkahawa, na Plan 9 ndiyo mfumo wa kwanza kuitumia kotekote. Sisi tunaoandika toni juu ya irabu, tunaohitaji ɛ na ɔ na ŋ, tunakula matunda ya karatasi hiyo kila siku bila kujua. (Jibu hili ni la moyo kuliko la akili, maana leo UTF-8 iko hata katika simu ya mwuza maandazi. Lakini Profesa hulipenda, na mimi pia.)

Jibu la pili ndilo lenye uzito: ghala la mfumo huu halifuti kitu. Jina lake ni Venti. Sean Quinlan na Sean Dorward waliieleza mwaka 2002. Ukiipa bloku ya data, Venti inaipigia hesabu inayoitwa SHA-1, inapata namba ya biti 160, na namba hiyo ndiyo anwani ya bloku. Sisi tunaiita alama. Ukileta bloku ileile mara mia, hesabu inatoa alama ileile, na ghala linaiweka mara moja tu. Hakuna amri ya kubadilisha kilichomo, wala ya kukiondoa. Kwa mtu anayehifadhi lugha, ni vigumu kuwaza kitu kizuri zaidi.

Ila mwanafunzi haandiki moja kwa moja katika Venti. Mbele yake kuna seva nyingine, Fossil, ambayo ndiyo tunayoiona: ina majalada, ina majina, unaweza kusahihisha na kufuta kama kawaida. Fossil ina sehemu yake ya diski, na kila unachoandika kinakaa kwanza pale. Mara moja kwa siku, kwetu saa kumi na moja alfajiri, inapiga picha ya mti mzima wa faili na kuanza kuupeleka Venti, bloku baada ya bloku. Bloku ikishafika ghalani, nafasi yake ya mbele inaweza kuachiliwa.

Nafasi hiyo ya mbele ina jina gani? Kwa Kifaransa wanasema «mémoire tampon», na neno hilo lilinipotosha mwaka mzima. Kwetu tampon ni muhuri wa ofisini. Karatasi isiyo na tampon si karatasi, na ikishapigwa tampon mambo yamekwisha. Kwa hiyo niliposikia rekodi zangu ziko katika «tampon», sehemu fulani ya kichwa changu ilielewa kwamba zimegongwa muhuri. Kumbe maana ni kinyume kabisa: kilicho katika tampon ndicho ambacho bado hakijapokelewa. Siku hizi mimi nasema barza. Mama akirudi sokoni, unga na makaa na samaki hutuliwa barzani kwanza, halafu vitu vinaingizwa ndani kimoja kimoja. Kilicho barzani kiko nyumbani, ndiyo, lakini mvua inaweza kukikuta.

Barza yetu ni ya gigabaiti 40. Ghala la nyuma ni kubwa zaidi ya mara kumi. Mtu aliyeiweka hivyo alifikiria kazi za siku zile: matini, orodha za maneno, memwari za wanafunzi. Hakuna aliyefikiria mwanafunzi atakayerudi kijijini na kadi mbili zilizojaa sauti.

Hesabu ni rahisi, na nilikuwa na uwezo wa kuifanya kabla ya kuondoka. Nilirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, chaneli mbili. Hiyo ni baiti 288,000 kila sekunde, zaidi kidogo ya gigabaiti moja kwa saa. Kadi ya kwanza ilikuwa na saa 17, yaani gigabaiti 17 na nusu hivi. Kadi ya pili saa saba. Zote pamoja zingeingia barzani bila shida.

Lakini mimi ni mtoto wa mji unaokatika umeme, na nimezoea kuweka vitu viwili viwili. Jioni niliyorudi nilinakili kadi ya kwanza katika jalada langu, kisha nikanakili tena kadi ileile katika jalada lingine nililoliita «usalama». Nilijua kwamba Venti haihifadhi bloku moja mara mbili, kwa hiyo niliamini nakala ya pili haigharimu kitu. Kwa upande wa ghala hiyo ni kweli. Kwa upande wa barza ni uongo mtupu: barzani hakuna anayelinganisha bloku na bloku, kila nakala inakaa kwa uzito wake wote. Nilikuwa nimeweka gigabaiti 35 mahali pa 40, na humo ndani kulikuwa tayari na tatu za watu wengine.

Usiku huohuo nilifuta kadi ya kwanza. Kifaa cha kurekodia ni cha idara, na asubuhi mwenzangu alikuwa anakipeleka Kasenga pamoja na kadi hiyo. Nilijiambia kwamba nina nakala mbili kwenye seva. Mbili!

Kabla sijafika asubuhi, lazima nieleze kitu kimoja ambacho wakati ule sikukijua, kwa sababu ndicho kilichoniangusha. Fossil inahesabu maisha yake kwa enzi. Kila ikipiga picha, enzi mpya inaanza, na bloku zote za enzi zilizopita haziguswi tena. Ukitaka kubadilisha ukurasa wa zamani, unaandikiwa nakala mpya, na ule wa zamani unabaki kwa ajili ya picha. Seva inakumbuka enzi mbili: ya juu, ambayo ndiyo leo, na ya chini, ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote zinazoweza bado kutazamwa. Faili ukiifuta leo, bloku zake haziachiliwi leo. Zinaachiliwa pale enzi ya chini inapopanda na kuipita enzi ambayo ilifutwa. Mpaka hapo kuna picha inayozishikilia.

Mbali na picha ya alfajiri, seva yetu ilipiga picha ndogo za muda kila dakika 60, ili mtu aliyeharibu kazi yake aweze kurudi saa moja nyuma. Picha hizo ndogo hazipelekwi Venti, zinaishi barzani tu na zinatakiwa kufutwa zikizeeka. Amri inayopanga hayo yote ni snaptime, na ina sehemu ya kusema picha za muda ziishi dakika ngapi. Kwetu sehemu hiyo ilikuwa imeachwa wazi. Hakuna picha iliyokuwa ikifa. Barza ilikuwa imejaa vivuli vyembamba vya miezi mingi, na juu yao gigabaiti zangu 35, ambazo picha za jioni ile zilizishikilia zote.

Asubuhi saa tano nilifika na kadi ya pili. Umeme ulikuwa umekatika kuanzia saa kumi na mbili na nusu, delestaji ya kawaida, ukarudi muda mfupi kabla sijafika. Nilianza kunakili. Baada ya dakika chache seva ikasema diski imejaa.

Na si mimi peke yangu niliyezuiwa. Ndugu mmoja wa mwaka wa tano alikuwa na utetezi kesho yake saa tatu, na sura ya nne ya memwari yake haikubali kuhifadhiwa. Alisimama nyuma ya kiti changu. Hakusema neno baya, alipumua tu. Wanaojua pumzi ya mtu anayengoja utetezi watanielewa.

Nilifuta jalada la «usalama». Nikaandika df kuona nafasi iliyopatikana, na hakukuwa na kitu. Nikafikiri nimekosea, nikarudia, na namba ikabaki ileile. Kila mtu anajua kwamba ukitoa mzigo ndani ya gari, gari linapungua uzito. Hapa nilikuwa nimetoa nusu ya mzigo na gari halikusogea.

Ndipo nikaenda kutazama hifadhi. Picha ya alfajiri ilikuwepo, katika /archive, chini ya mwaka, chini ya mwezi na tarehe. Nikaingia. Majalada yangu yote mawili yalikuwemo, na faili moja moja, kwa majina niliyozipa, toni juu ya irabu na vyote. Nikafungua moja, nikasikia sauti ya Kambo. Nikahitimisha kwamba kazi imekwisha kufika Venti, ambako hakuna kinachofutika. Kwa hiyo nikafuta na jalada la kwanza.

Sisi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba jina si kitu chenyewe. Tunaandika hivyo katika mitihani na kupata alama nzuri. Jalada la /archive huonekana mara picha inapopigwa. Usafirishaji wa bloku kwenda Venti unaanza baada ya hapo, polepole, nyuma ya pazia, na ukifungua faili ambayo haijasafiri, seva inakupa kutoka barzani bila kukwambia lolote. Kompyuta yetu husafirisha kwa kasi isiyofika megabaiti moja kwa sekunde. Kwa mzigo wangu wa nakala mbili ilihitaji zaidi ya saa 12. Ilikuwa imepata saa moja na nusu kabla ya delestaji, na muda mfupi baada yake.

Nafasi bado haikupatikana. Ndugu wa utetezi akapumua tena. Nikafungua kurasa za maelekezo, nikasoma haraka, nikakuta amri ya epoch, inayopandisha enzi ya chini na kuachilia yote yaliyo nyuma yake. Niliiandika. Seva ikakataa kwanza: ikanionyesha orodha ndefu ya picha ambazo zitapotea. Mistari mingi ilikuwa ya picha za muda, /snapshot, /snapshot, /snapshot. Mmoja ulikuwa wa /archive, tarehe ya leo. Niliuona. Siwezi kusema sikuuona. Nilidhani ni nakala ya barzani tu, na kwamba ya kweli iko ndani. Nikaongeza herufi y, ambayo maana yake ni ndiyo.

Nafasi ikarudi yote mara moja. Ndugu yangu akahifadhi sura yake ya nne, akanishika bega, akaenda (alipata distinction). Mimi nikarudi /archive kusikiliza tena sauti ya Kambo, na tarehe ya leo haikuwepo.

Kilichofuata ni sehemu ya hadithi ambayo bado inanishangaza. Rafiki yangu wa informatiki, nilipomweleza, hakushtuka. Aliniuliza swali moja: «Zilizokwisha kufika Venti ziko wapi?» Ziko Venti. Hazifutiki. Bloku zangu za ile saa moja na nusu na ushee zilikuwa zimekaa ghalani salama kabisa, nzima, zisizoguswa, ila hakuna mti unaozielekea. Kwa kawaida unaingia Venti kwa alama moja ya juu kabisa, ambayo inakupa alama za majalada, ambazo zinakupa alama za faili, mpaka bloku ya mwisho. Alama ya juu huandikwa mwisho wa kazi, na kazi haikufika mwisho. Zilikuwa kama fonimu zisizo na neno.

Tulitumia wiki mbili. Kuna chombo kinachoitwa printarena, kinachotoa orodha ya bloku zote zilizo katika sehemu fulani ya ghala kwa utaratibu zilivyoingia, pamoja na alama zake. Bloku za siku ile zilikuwa mwishoni mwa orodha. Kila faili ya WAV huanza na herufi nne, RIFF, kwa hiyo tulitafuta bloku zinazoanza hivyo, na kutoka kila moja tukafuata zilizokuja nyuma yake. Bloku moja ya kilobaiti 8 ni sehemu 28 tu za elfu za sekunde. Hata irabu fupi haienei ndani. Tuliunganisha karibu bloku laki saba na elfu themanini, si kwa mkono, kwa programu fupi ambayo rafiki yangu aliiandika kwa jioni moja na kuisahihisha kwa siku tisa. Zikatoka saa sita na dakika kumi za sauti.

Faili ya mwisho inakatika katikati. Ni ile ngano ambayo Kambo na dada yake waliisimulia pamoja, mmoja akisema, mwingine akiitika kwa wimbo. Dada anaitika mara mbili. Mara ya tatu Kambo anaanza kitenzi: nasikia kiambishi cha nafsi, nasikia kiambishi cha wakati, na mzizi haupo. Ngano hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya tatu ya memwari yangu.

Siku hizi snaptime yetu ina kikomo: picha za muda zinaishi dakika 1440, siku moja, halafu zinakufa. Nimebandika mlangoni karatasi inayosema df inaandikwaje na kwamba mzigo wowote unaozidi gigabaiti 15 ugawanywe kwa siku mbili. Kuna pia daftari. Usafirishaji ukikamilika kweli, Fossil huandika katika konsoli mstari wenye neno archive na alama ya juu, tarakimu na herufi arobaini. Kwa alama hiyo moja, hata barza yote ikiungua, unaweza kuisimamisha upya kutoka Venti. Mtu wa zamu anainakili kwa kalamu, mwingine anaisoma kwa sauti kuhakikisha. Kabla alama haijaandikwa daftarini, hakuna anayefuta kadi. Asistanti mmoja alicheka kwamba tuna seva ya hali ya juu na daftari la duka la unga. Sikumjibu. Naye siku hizi huja kuuliza kama alama yake imekwisha kuandikwa.

Nilirudi kijijini wakati wa likizo, na sukari na sabuni, na maneno niliyoyapanga njiani. Sikumaliza hata kuyasema.

«Mutoto, ile ya kwanza ulipeleka wapi?»

Nikamwambia ukweli, kwamba nilizifuta. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Alicheka kidogo, akaniuliza kama shule inaniadhibu. Kisha akakubali tufanye tena majina ya mimea, majina ya watoto mapacha, mafumbo, na ngano tatu ambazo si zilezile kabisa. Nimeona sehemu ambazo mwaka jana alizirefusha na mwaka huu amezipita mbio, na nyingine kinyume chake, na memwari yangu sasa ina ukurasa mzima juu ya jambo hilo, ambao usingekuwepo. Lakini ile ngano ya kuitikiana hakukubali.

«Ile tulisema na dada. Mi pekee yangu, nani ataitika?»

Nilijitolea kuitika mimi. Alinitazama kwa huruma.

Dada yake amehamia Kolwezi kwa mtoto wake wa kiume. Tumeongea kwa simu mara moja, kelele za barabarani zikiwa nyingi, na amesema nije baada ya mvua. Saa nne nilizorekodi likizoni zimeingia Venti kwa mkupuo mmoja, nakala moja tu. Alama yake iko katika ukurasa wa 11 wa daftari, kwa mwandiko wangu, na kadi bado ninayo.